Wageni wa Baba Mkubwa

Jumanne, 10 Juni

Nimewasha moto, nimemwosha Baba Mkubwa, nimembadilisha suruali. Uji hakunywa. Anasema wageni hawajapewa. Wageni hakuna. Kuna gunia la makopa ya mihogo, na kuku mmoja. Yeye anaona wanaume watatu wamekaa juu ya gunia.

Nimemwambia hakuna mtu. Akanitazama kama mtoto asiyefunzwa adabu. Mkono ulimtetemeka, kikombe kikamwagika.

Nimefunga mlango kwa nje, nimekwenda Mkata kupakia machungwa kwenye malori. Sipendi kuufunga. Lakini juzi nikiwa kazini alikutwa barabarani anawasindikiza hao wageni wake.

Jumatano, 11 Juni

Leo mzima. Kaniita kwa jina. Kaniuliza mguu wa mama yangu kule Urambo umeponaje. Kala ugali na mboga ya mchunga, akalalamika chumvi kidogo. Jioni kakaa mlangoni ananielekeza namna ya kuchonga mpini wa jembe. Ninachonga vibaya, anasema.

Siku kama hii ndiyo inanikasirisha zaidi. Kama leo anaweza, jana alishindwa nini? Najua si haki kuuliza. Nauliza hivyo hivyo.

Ijumaa, 13 Juni

Wamerudi. Baba Mkubwa hajala tangu jana mchana. Anasema wametoka Unyamwezi kwa miguu. Wamekaa kimya, wanatazama tu. Wamenuna kwa sababu nyumba haijawapa chakula. Mwenye nyumba atakulaje wageni wakimtazama?

Nimempigia kelele. Nimepiga teke gunia kumwonyesha hakuna mtu. Akawaomba radhi kwa niaba yangu.

Nimechoka. Nilitoka Urambo kutafuta kazi, nikafikia kwake hapa Kwedizinga kwa kuwa ni kaka wa baba. Alikata mkonge Korogwe ujana wake wote. Mke kafa, mtoto hana. Sasa ni mimi tu.

Jumamosi, 14 Juni

Korogwe, hospitali. Kwenye basi alikaa kama gogo. Kushuka ilibidi nimbebe mgongoni.

Daktari ni dada mdogo, anaongea polepole. Kasema ugonjwa unaitwa Lewy. Uko kwenye ubongo. Huo huo ndio unaomtetemesha mikono, unamkaza miguu, unamrusha mateke usingizini na kumwonyesha watu. Ndio unaomfanya leo hivi, kesho vile. Si kurogwa, si makusudi. Dawa ya kuuondoa haipo. Vidonge vya kumtuliza nisimnunulie dukani, vinaweza kumkakamaza kabisa, hata kumuua.

Nikauliza, na kula? Akasema hapo ndipo pa kupigania. Asipokula hatafika mbali. Suruali yake sasa inashikwa na kamba.

Jumapili, 15 Juni

Nilijifanya mjanja. Nimepakua sahani nne. Yake moja, tatu nimeziweka mbele ya gunia. Nikasema karibuni. Nilijiona mjinga, lakini nilisema.

Hawakugusa. Sasa ni mbaya zaidi. Baba Mkubwa anasema wamekataa chakula chetu, lazima kuna jambo zito. Hata maji hakunywa mpaka jua lilipozama. Sahani moja kala kuku.

Jumatatu, 16 Juni

Kaka yangu kapiga simu kutoka Urambo. Anasema mnunulie kitu cha kumlaza, na wewe upumzike. Nikamwambia daktari kakataza. Akasema daktari halali naye. Nikamwambia na wewe hulali naye. Akakata.

Msimamizi wa malori naye kasema nikichelewa tena nisirudi.

Nilisimama mbele ya duka la dawa Mkata. Nilisimama sana. Nikanunua sabuni, nikaondoka.

Jumanne, 17 Juni

Mama Zaina karudi. Ni jirani yetu, Mzigua. Alikwenda Handeni mjini binti yake kajifungua. Wazigua na sisi Wanyamwezi ni watani, anaweza kututukana na hakuna wa kununa.

Kaingia bila hodi. "Mnyamwezi, bado hujafa tu?"

Baba Mkubwa akainua kichwa. "Nife ule pilau yangu?"

Akamwuliza mbona amekonda. Baba Mkubwa akaonyesha gunia. Nilingoja Mama Zaina aseme hakuna mtu. Akatua kikapu, akalitazama gunia toka mwanzo hadi mwisho.

"Wana siku ngapi hawa?"

"Nyingi."

"Nyingi! Wanyamwezi bwana! Mababu zao walibeba mizigo ya watu toka bara mpaka pwani, wao jembe tu linawashinda? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. We kijana, majembe yako wapi?"

Nikayatoa. Mlangoni Baba Mkubwa akanikemea, "Wapishe, wanapita." Nikapisha. Akawasindikiza kwa macho mpaka kwenye shamba la mihogo. Akacheka, nilikuwa nimesahau kicheko chake. Kisha akala. Akaomba na chumvi.

Nilipaswa kufurahi. Nilikasirika. Mimi namwosha, namlisha, namlaza, na nimeshindwa. Yeye kaja na matusi tu.

Ijumaa, 20 Juni

Jana majembe yalifaa. Leo hayakufaa. Anasema wamesharudi, wamemaliza kulima. Nikawatukana mimi. Akaniambia wewe huwezi kuwatania, ni ndugu zako. Kweli.

Mama Zaina alikuja jioni, akasema na shamba lake linahitaji watu. Wakaenda. Kala nusu.

Mpaka mmoja wetu afe nitakuwa natoa majembe nje.

Jumapili, 22 Juni

Leo sina kazi. Nimepika ugali laini na maharage. Majembe mawili nilishayatoa nje asubuhi na mapema. Gunia halina mtu, yeye mwenyewe amesema. Nimeweka sahani mbele yake, nikakaa.

Hakula. Akanitazama kwa upole. Kisha akauliza, kwa heshima sana, "Bwana, samahani. Leo ni siku yako ya ngapi hapa?"

Nilitaka kumwambia mimi nani. Nilitaka kupiga kelele. Nikaona mkono wake upo karibu na sahani, unangoja.

Nikasema, "Ya tatu, mzee."

Akatikisa kichwa, kana kwamba anaona haya kunisumbua. Akanionyesha jembe lililobaki nyuma ya mlango, lile la mpini niliouchonga vibaya.

Nikalichukua, nikatoka. Nilipofika kwenye mihogo nikageuka. Alikuwa anakula. Polepole, maharage yanamdondoka, lakini anakula.

Nimelima mpaka alipomaliza. Magugu yalikuwa mengi kweli.