Mbuzi wa Pole

Mjukuu wangu Kulwa,

Mwangaluka. Huku Mkula, pamba tumeshavuna, na kaburi la babu yako nimelipalilia. Unauliza kama ukipokea pole ya mwenye meli unayofanyia kazi utapoteza haki yako ya kulipwa fidia kwa kuumia kazini.

Babu yako alipokatwa vidole na kamba ya nyavu ziwani, mwenye boti alituletea mbuzi, tukamla. Tulipomshtaki, akamwambia afisa kazi, "Kesi gani tena, na mbuzi wangu wameshamla?"

Babu yako akasema, "Alikuwa mtamu, tajiri. Ile ilikuwa pole. Sasa leta fidia."

Afisa alicheka, kisha akaamuru alipwe, na akalipwa yote. Tukarudi nyumbani babu yako akimpungia kila mtu mkono uleule uliobaki na vidole viwili.

Pokea pole, mjukuu wangu, ushukuru. Halafu dai fidia.

Bibi yako anayekuombea upone