Lidia Nilimwandika Mtoro

Mpendwa Mshauri Klementina, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu maana hata ugali haupiti, mimi ni msimamizi wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Nsemulwa, na ndiye ninayeandika daftari la mahudhurio, nani kaja, nani mgonjwa, nani mtoro. Mwezi uliopita mama mmoja mpepetaji wetu, Lidia wa Kabungu, aliniletea karatasi ya zahanati kwamba ana malaria apumzike siku tatu, na siku hiyo watu walikuwa pungufu, magunia yamejaa mpaka mlangoni, nikamwambia, "Nyie malaria yenu inakuja msimu wa mavuno tu," nikaitupia ile karatasi kwenye droo, akalala nyumbani siku mbili nikamwandika mtoro, ya tatu akaogopa kufukuzwa akaja anatetemeka na kitenge mabegani, akaanguka pembeni ya mashine, bahati mwenzake Romana alimvuta kabla mkanda haujamnasa, ila mkono wa kulia umevunjika.

Sasa amelazwa, mumewe Masele kaenda kwa bosi, bosi anataka daftari Jumatatu. Na kuna lingine, shemeji yangu Manyanda naye yupo hapo kazini, kila Alhamisi ya mnada wa ng'ombe nilikuwa namwandika mgonjwa bila karatasi, kwa sababu dada yake ndiye mke wangu na mimi nakula kwake, na juzi bosi alikwenda mnadani akamkuta ana fimbo mkononi. Nimenunua wino mweupe, nataka nimgeuze Lidia awe mgonjwa na Manyanda awe alikuwa likizo, je, itaonekana? Au na mimi niugue hiyo Jumatatu?

Sylvanus, Nsemulwa

Sylvanus, pole kwa ugali kutopita. Wa Lidia ungepita, ila hana mkono wa kumega tonge.

Ulipewa kalamu, wewe ukajiona daktari. Mwenye karatasi ya zahanati ulimpima kwa macho ukamkuta mzima. Anayeswaga ng'ombe juani ukamkuta mahututi. Ugonjwa gani huo unaompata mtu Alhamisi na kumwachia Ijumaa? Na wewe usijaribu kuugua Jumatatu, dalili zako tumeshazisoma hapa gazetini.

Huo wino mweupe utaonekana hata na asiyejua kusoma. Usifute kitu. Piga mstari mmoja juu ya neno "mtoro", liendelee kusomeka, andika pembeni "mgonjwa", weka tarehe ya leo na sahihi yako, kisha bana karatasi ya zahanati kwenye ukurasa huo. Kwa Manyanda andika ukweli: hakuwepo, hakuleta karatasi. Mkeo akinuna, jipikie.

Halafu nenda hospitali. Usimpelekee Lidia juisi na hadithi ya magunia. Mwombe radhi mbele ya Masele, mwambie utoro umeondolewa kwenye jina lake. Kuanzia sasa karatasi ya mgonjwa ikiletwa, ipokee, iandike siku hiyohiyo, na mtu arudi nyumbani akalale.

Kisha mfuate bosi leo, kabla hajakuita. Akikuuliza kwa nini, mwambie uliogopa kelele zake kuliko ulivyoogopa mtu kufa mbele yako. Ukishasema hivyo, nyamaza, na atakachoamua ukipokee umesimama.