Kigingi cha Mrumba Kimechipua

Inyonga, Mlele,
Katavi.
14 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Gaudensia,

Shikamoo. Vipi kifua chako na baridi ya huko Mbeya? Sisi miili yetu ni mizima, ila nyumba imekuwa kimya mno.

Unajua baba hajaonekana tangu alipokwenda kurina asali mwaka jana. Bibi Marsela alimpandia kigingi cha mrumba mahali ambapo kaburi lake lingekuwa. Kama desturi yetu ilivyo, kikikauka, mtu bado yuko njiani; kikishika mizizi, amelala. Shangazi, kimechipua, tena kiangazi hiki.

Bibi alilia, akasema mwanawe amelala. Mama akamjibu, "Mrumba unashika hata ukiwa kigingi cha kufungia mbuzi! Mbona hatumlilii mbuzi?" Tangu hapo hawaongei.

Shuleni tumefundishwa kwamba miti ya jamii ya mkuyu, kama mrumba, huota kwa urahisi hata ukipanda tawi. Lakini nikipita pale, majani yanatikisika na upepo hakuna. Naharakisha.

Juzi asubuhi nilikuta mrumba mkubwa wa nyuma ya jiko umebanduliwa gome, utomvu mweupe bado unatiririka. Gome limetolewa upande mmoja tu, na jeraha limepakwa udongo, kama vile baba alivyokuwa akifanya alipotaka kamba za kufungia mizinga. Nilimuuliza Baba Mdogo Eustace. Akacheka, "Kamba ya gome ya nini, we Tereza? Mie nina waya."

Bibi aligusa ule udongo, akasema, "Wafu nao wana kazi zao." Mama alifua koti la baba la kurinia, akalianika.

Baba Mdogo anataka matanga yafanyike mwezi ujao, na mama avae nguo za ujane. Wewe ndiwe dada mkubwa wa baba. Usipokimwagia kile kigingi unga na maji, matanga hayafanyiki. Nakuomba uje, lakini unga usiushike kwanza. Njoo uutazame ule udongo. Nafikiri wafu hawatibu miti.

Mama anakusalimu, Bibi pia, na Baba Mdogo. Baba sijui nimwandike wapi katika salamu hizi, kwa hiyo nimemwachia nafasi hapa:

Mungu akulinde safarini.

Mwanao akupendaye na anayekungoja,
Tereza Yohani