Nani Anamnywesha Subira

Nyumba ya Baba,
Chumba cha kushonea,
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, na uipokee umekaa, maana nimesikia goti limeanza kukusumbua tena. Ile dawa ya kuchua inasaidia, au umeiweka kabatini ukitegemea ikutibu kutoka huko? Shemeji hajambo? Watoto wanasoma, au wanakwenda shule tu? Sisi huku tunapumua. Mapazia bado nashona, kwa kuwa watu hawajaacha kufichana.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu moja. Macho ya Mama yamepungua lakini masikio bado ni ya ujana wake, na habari hii inamhusu yeye. Ninaogopa, Dada. Tafadhali isome mpaka mwisho, kwa sababu inaanzia kwenye gari na utadhani nimekosa cha kuandika.

Subira bado yupo. Baba alilipatia gari lile jina hilo kwa kuwa hakuna aliyelipanda asiihitaji. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nampeleka Mama kliniki ya macho. Tulipofika katikati ya njia panda, Subira akaanza kutetemeka kama mtu aliyeogeshwa maji baridi, akakohoa mara mbili, akazima. Lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi mpaka meno yakaniuma. Mama alikuwa ametulia, mkoba mapajani. Akasema, "Leo hajashiba maji." Nikacheka, nikidhani ni utani. Kicheko kile sijakisahau mpaka leo.

Wapita njia walitusukuma hadi gereji ya Fundi Pole. Huyu humjui, amekuja baada ya wewe kuondoka. Ana desturi ya kuliambia gari pole kwanza, kisha mwenye gari, ndipo ashike spana. Alipoanza kufungua plagi ya kwanza, zile za kutoa cheche ndani ya injini, ikalia kama bawaba kavu, naye akasimamisha mkono. "Dada, hii ikikatikia humu ndani, mimi na wewe tutazeeka pamoja hapa." Akaimwagia mafuta, akangoja. Nami nikangoja, jasho likinitoka kivulini.

Zilitoka zote nne. Akazipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano wake, kama wagonjwa kwenye benchi. Zote zilikuwa zimevaa kutu kiunoni, nyekundu, inayobanduka ukiigusa kwa ukucha. Utotoni wewe ulikuwa ukimsaidia Mama hesabu za kitambaa. Mimi nilikuwa namshikia Baba tochi, kwa hiyo najua kidogo, na kujua kidogo ndiko kunakotisha. Nilidhani gasketi imekufa, maji ya kupozea injini yanaingia kwenye silinda, na Subira ndiyo basi.

Fundi Pole akaipindua moja, akanionyesha ncha. "Soma hapa. Maji yangekuwa ya ndani, ugonjwa ungeanzia huku chini. Huku ni kukavu, rangi ya majivu." Akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi ya uzee tu, haikugeuka rangi ya chai ya maziwa kama iliyoingiliwa na maji. Kisha akaingiza kidole kwenye moja ya yale mashimo manne zinamokaa plagi. Kikatoka kimelowa.

"Mara ya mwisho mvua imenyesha lini?"

"Tumeshasahau."

"Na hizi alama nyeupe ukingoni ni chokaa ya maji ya bomba. Injini mnaiosha?"

"Fundi, gari hili halioshwi hata mwili."

Akajifuta kidole taratibu. "Basi kuna mtu anainywesha. Na si jana wala juzi. Kutu hii ina miezi miwili."

Dada, nilirudi nyumbani na plagi mpya na moyo mchafu. Nilianza kuhesabu maadui zetu na nikagundua hatuna wa maana. Nikabaki na jirani wa nyuma, mpiga chapa mstaafu usiyemjua, aliyewahi kulalamika kwamba moshi wa Subira unamwingilia dirishani asubuhi. Siku mbili sikumsalimia. Siku ya tatu aliniletea uzi wangu uliopeperukia kwake, na bado nikaupokea kama ushahidi.

Siku ya nne niliamka alfajiri, nikasimama dirishani nyuma ya pazia nililoshona mwenyewe. Unajua mlango wa dereva haujawahi kufunga sawasawa tangu enzi za Baba, kwa hiyo nilijua mbaya wangu hatahitaji ufunguo. Nilikuwa nimeshika mkasi. Usiniulize nilitaka kumfanya nini mtu kwa mkasi wa kitambaa.

Aliyetoka alikuwa Mama.

Alikuwa amevaa koti la Baba juu ya gauni lake la kulalia. Mkononi alikuwa na lile jagi la bluu lililovunjika mpini. Akafungua mlango wa gari, akavuta kile kishikio cha chini, akainua boneti na kuisimamisha kwa fimbo yake ya chuma bila hata kupapasa. Kisha akamimina. Hakumwaga ovyo, Dada. Kila shimo la plagi alilipatia fungu lake, bila upendeleo, akiinama kupima kwa jicho kama alivyokuwa akitugawia maziwa. Alipomaliza akaipangusa boneti kwa mkono wa koti.

Umeshaelewa. Rejeta ya zamani, tangi la maji ya kupozea injini, ilikuwa inavuja, na Baba kila alfajiri alimpa Subira jagi moja. Alikuwa akisema hata mtu hupewa maji kabla ya kutumwa. Baba alipofariki nikabadilisha rejeta, nikamwambia Mama kazi ile imekwisha. Miaka minne imepita. Sijui ni nini kilichoianzisha upya miezi miwili kabla ya siku ya gereji, wala kwa nini mkono wake umeikumbuka saa ukasahau mahali pa kumimina.

Nilitoka nje. Nikasema, "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Fanya taratibu, baba yako bado amelala. Nimemsaidia hii."

Mkasi niliuficha mgongoni kama mwizi. Nilimshika mkono, nikamrudisha ndani, nikamvua koti, na yeye akaniuliza mbona natetemeka, kwani nje kuna baridi?

Tangu hapo nimekuwa nikirudi nyuma kutazama yale niliyoyaona nikayapita. Mchana mmoja alipiga pasi gauni lile lile mara tatu. Nikamsifu kwamba anapenda usafi. Aliulizia ufunguo wa nyumba tuliyohama ukiwa darasa la tano, nikasema uzee. Mimi ninayejisifu kuona pindo lililopotoka kutoka ng'ambo ya barabara. Sasa nalala sikio moja wazi. Jiko la gesi nimelifungia. Kisima cha jirani kina mfuniko, lakini nimekwenda kuuangalia mara mbili, ndipo nikamwomba yule mzee radhi. Akanijibu kwamba hata yeye alikuwa akimwona Mama asubuhi, akadhani tumempangia zamu.

Nilimrudia Fundi Pole kumwambia ajue kutu imetoka wapi. Hakucheka. Alimpa pole Mama, ambaye hakuwepo, kisha akanipa mimi. Akasema kutu ya nje unaipangusa, unakausha, unafunika, gari linaendelea. Ya ndani ndiyo inayolazimu injini nzima ifunguliwe. Sijui ya Mama ni ipi, na sina ncha ya kupindua nikasoma.

Kumkataza nilijaribu. Alilia kama mtoto aliyepigwa, akisema gari litaungua na watu ndani yake. Kwa hiyo sasa kila alfajiri natoka naye. Nainua boneti mimi, na nimemfungulia lile tangi dogo la maji ya kuoshea kioo, ambalo halidhuriki hata ukilimiminia mto mzima. Naushika mkono wake, tunamimina pamoja. Subira hajapata kuwa na kioo safi namna hii.

Nimepata miadi kwa daktari wa mambo ya kumbukumbu, tarehe ishirini na tatu mwezi huu. Najua uliandika kwamba utakuja mwakani, likizo zikiruhusu, na najua Mama akiongea nawe kwenye simu hujikaza na kusema maneno yaliyonyooka. Usiyategemee. Daktari atauliza ilianza lini na nitalazimika kujibu peke yangu, na naogopa jibu lake kuliko nilivyoliogopa lile lori.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna la leo asubuhi. Tulimimina maji vizuri, hata tone halikupotea. Mama akaniangalia usoni kwa muda, akitabasamu tabasamu lile analowapa wageni. Akasema, "Ahsante, fundi. Una moyo mzuri. Mimi nina mabinti wawili, lakini wote wako mbali."

Nikamwambia karibu tena, mama. Sikujua fundi angejibu nini kingine.

Dada, mmoja wetu yuko mbali kweli. Njoo kabla ya tarehe ile, ili tuwe wawili atakapotutazama. Huenda akamkumbuka mmoja kwa kumwona mwenzake.

Nisalimie shemeji, na yule mwanao wa kwanza umwambie shati lake liko tayari, asiendelee kukua. Jirani wa nyuma anakusalimu, ingawa hakujui. Mama nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akafikiri, akasema nikwambie ule vizuri. Mungu akulinde njiani, na njia iwe fupi.

Mdogo wako akupendaye, na anayekungoja,

Mshika Tochi wa Baba