Yotham Ameinuka

Jumatatu, 5 Julai 1999

Nimepata kazi! Mtangazaji wa michezo, redio mpya ya hapa Dodoma. Mimi Mazengo, beki namba tano, goti lililokufa tangu mwaka juzi — leo nimepewa kiti cha kuzunguka! Mkuu wa vipindi ni Bi. Evodia. Mkali, pilipili kichaa. Kasema sauti ninayo, maneno ya mpirani ninayo, iliyobaki ni adabu ya studio. Na kanuni ni moja: hewani pasiwe kimya. Msikilizaji akisikia kimya anahamia kwa wengine, na siku hizi hao wengine wapo. Haya mama. Mimi nishindwe kupiga domo?

Alhamisi, 8 Julai

Yotham kapita kuniaga, kesho timu inakwenda Singida. Namba tano yangu sasa anavaa yeye. Inamkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi, mshenzi huyu. Nilimtoa mwenyewe kijijini kwao Kibakwe, nilikwenda kumwombea ruhusa kwa mama yake. Anasema kamnunulia mama redio, na mama anapanda nayo mlimani ndipo ishike. Kaomba nimtaje jina, mama asije akadhani yuko benchi. Nikamwambia nitakutaja mpaka masikio yakuwashe.

Baridi kali leo. Upepo unamwaga vumbi hadi kwenye ugali.

Jumamosi, 10 Julai

Usingizi hauji. Niandike hivyo hivyo.

Redio haina gari la kutupeleka Singida, kwa hiyo mechi tunaitangazia studio. Seth, mtunza vifaa wa timu, anakaa kwenye duka lenye simu, dirisha linatazama uwanja. Ananiambia kinachotokea, mimi natangaza kama ninayekiona. Bi. Evodia anaweka kaseti ya kelele za mashabiki. Ndivyo wanavyofanya. Hakuna anayeshangaa.

Kipindi cha pili. Seth anasema kona, Yotham karuka, kagongana vichwa na mshambuliaji wao, yuko chini. Nikasema yuko chini. Simu ikakatika.

Kaseti tu inapiga kelele. Bi. Evodia nyuma ya kioo anazungusha mkono — sema, sema! Mimi nimeanguka mara ngapi kwa kona za namna hiyo? Zote niliinuka. Nikasema: "Anainuka! Yotham anainuka, mtoto wa Kibakwe! Anajifuta vumbi, anawapungia mashabiki! Mama Yotham huko mlimani, ondoa wasiwasi, chuma hicho!"

Simu iliporudi Seth alikuwa analia. Hakuinuka. Machela hakuna, wamembeba kwenye mlango waliouong'oa, wamempakia kwenye pikapu ya mtu wa vitunguu. Seth anaacha simu, anapanda naye. Bi. Evodia akanisukumia karatasi: sema amepumzishwa. Nikasema amepumzishwa.

Jumapili, 11 Julai

Yotham amefariki. Ee Mungu wangu. Yotham.

Jumatatu, 12 Julai

Bi. Evodia hakufoka leo. Kanipa tangazo la kifo nilisome, nikashindwa, kalisoma mwenyewe. Nikamwomba tuseme hewani kwamba sikumwona akiinuka, kwamba simu ilikatika. Kakataa. Tukisema hilo, kasema, nani atatuamini tena na mechi yoyote? Halafu kwa upole: hata ungenyamaza, Mazengo, angekufa tu.

Ni kweli. Nusura nimtupie hedifoni.

Jumanne, 13 Julai. Kibakwe

Tumefika na mwili asubuhi. Kaburi limechimbwa. Mama Yotham hataki tuzike.

Mchungaji kasema naye. Wajomba wamesema naye. Jibu lake ni hilo hilo: mwanangu aliinuka. Redio ilisema, nimesikia kwa masikio yangu, nikapiga vigelegele peke yangu kule juu. Mtu aliyeinuka, akajifuta vumbi, akapunga mkono, hafi kwa kugongwa kichwa. Kuna mtu kamfanya kitu baadaye. Nani alikuwa naye kwenye gari? Nani alimnywesha maji?

Watu wote wakageuka kumtazama Seth.

Seth kasema ndiyo, nilimpa maji, alikuwa anaungua. Mjomba mkubwa akasimama. Vijana wawili wamekwenda kukaa kwenye njia ya kutokea, na mmoja ana panga. Lile la kukatia matawi ya kaburini, nadhani. Nadhani.

Nikaenda kwa mama. Shikamoo mama. Kanishika mikono yote miwili. "Marahaba, mwanangu. Mungu kakuleta. Mimi nilisikia tu, wewe ndiye uliyemwona. Waambie."

Sikuweza. Jamani, sikuweza! Uso wake ulikuwa unaning'ang'ania, na hayo maneno ya uongo ndiyo kitu cha mwisho alichobaki nacho cha mwanawe. Nikasema ninawe uso kwanza. Nipo nyuma ya zizi, naandika kama mjinga, wakati Seth yupo kule. Nikisema kweli, namuua Yotham mbele ya mama yake, kwa mdomo wangu, na sijui vijana wale watanigeukia mimi au la. Nikikaa hapa —

Mjomba anaita jina langu. Mara ya pili sasa.

Kutoka hapa namwona Seth. Kakaa chini, mgongo kwenye tairi la pikapu iliyoleta mwili. Anajua simu ilikatika, anajua nilitunga. Angenitaja saa ile ile, akajiokoa. Hajanitaja. Ananitazama tu, anasubiri niseme mwenyewe.