Angani Wameliona Shamba Langu, Chini Wamelikana

Alhamisi, Septemba 1976. Mvua ya alasiri, ile yetu ya kila siku, na moyo mchafu.

Daftari, leo nakuandikia nimechefuka. Nimeosha vikombe vya wageni mara mbili na bado naviona vina uchafu. Vikombe maskini havina kosa lolote.

Nakuandikia Kiswahili kile cha Kericho, nilichookota kwenye kambi ya majani chai miaka ile nilipokaa na mume wangu, Baba Kemunto, ambaye bado anafanya kazi huko. Shule niliishia darasa la nne. Lakini hapa nyumbani kila mtu anaongea Kikisii, kwa hivyo nikiandika Kiswahili hakuna atakayekusoma akaniletea maneno.

Na leo maneno ninayo mengi.

Ilianza wiki jana barazani. Naibu wa chifu alisimama, tumbo mbele, akasema wataalamu wanakuja. Ati juu kabisa, kupita ndege, kuna chombo kinazunguka dunia na kupiga picha za ardhi. Wanakiita setilaiti. Wamarekani ndio wamekirusha, Wafaransa wanasaidia kuzisoma picha, na serikali yetu nayo inashirikiana nao, ili kila nchi ijue imelima nini na haijalima nini. Tulipiga makofi. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba bonde lolote ambalo wataalamu wataandika halilimwi litapandwa mikaratusi.

Hapo mimi sikupiga makofi.

Kwa sababu shamba langu la wimbi, nafaka yetu ya uji, liko bondeni, pale mto unapopinda. Na nyuma ya nyumba ya baba mkwe wangu nimeona miche ya mikaratusi, mingi, imefunikwa na majani ya ndizi. Nani amemletea? Ni ya nini? Sikuuliza. Kazi yangu ni kutouliza.

Jina la baba mkwe silitaji, hata kwenye karatasi. Ni ile heshima yetu, chinsoni. Mimi mke wa mwanawe simkatizi maneno mbele ya watu, simtazami usoni, na yeye haingii nyumba yangu, hata inyeshe mvua ya mawe. Mlango wangu kwake ni kama ukuta. Hivyo ndivyo nilivyokuta, na sijawahi kuona vibaya. Mpaka leo.

Leo asubuhi nilifagia uwanja. Nikaosha watoto, nikajipaka mafuta, nikafunga kile kitambaa cha maua. Moraa, mke wa shemeji yangu, alinipitia na mtungi kichwani akasimama kunitazama.

"Mama Kemunto, mpaka visigino vinang'aa! Unaolewa mara ya pili?"

"Wageni wa setilaiti wanakuja."

"Si hao wanaona kutoka juu? Basi ungepaka mafuta utosini."

Nilicheka. Sasa nikikumbuka yale mafuta naona aibu. Nilijipamba kwa ajili ya watu gani, jamani?

Walifika na Landrova kutoka upande wa Keroka. Walikuwa watatu: Mmarekani mrefu, Mfaransa mwenye ndevu, na bwana mmoja wa Nairobi mwenye suruali safi aliyekuwa akitafsiri. Naibu wa chifu akiwa mbele kama bwana harusi. Hawakuja kwangu. Walikwenda moja kwa moja kwa mzee, baba mkwe wangu, naye akawapeleka bondeni. Mimi nikafuata nyuma, mbali kidogo, mtoto mgongoni.

Bwana wa Nairobi alifungua karatasi kubwa inayong'aa. Ndiyo hiyo picha ya kutoka juu. Alisema chombo hupita juu yetu kila baada ya siku kumi na nane, lakini Kisii na Nyamira hufunikwa na mawingu, kila kikipita hakioni kitu. Siku moja tu, mwezi wa sita, mawingu yaliachana kidogo. Kweli, picha yote ilikuwa nyeupe kama pamba, na katikati kuna ufa, na ndani ya ufa kuna wekundu.

Wekundu wa damu. Niliogopa. Nilidhani ardhi yetu ina ugonjwa.

Akaweka ncha ya penseli kwenye kidoa kimoja. "Hapa ndipo tuliposimama. Mzee, mwezi wa sita hapa palikuwa na nini?"

Mzee akaitazama picha, akatazama bonde. Sasa hivi lina nyasi fupi na mabua makavu. Mimi nilivuna mwezi wa nane, nikaacha ardhi ipumzike, kama tunavyofanya siku zote.

"Hapa hapalimwi," akasema. "Hapajawahi kulimwa. Ona mwenyewe, nyekundu. Udongo mtupu."

"Udongo wa Kisii ni mwekundu," naibu akadakia. "Hata mtoto anajua."

Bwana wa Nairobi akacheka. Akaeleza kwamba hiyo mashine ya juu haina rangi zetu. Kwa mashine, jani bichi lenye uhai ndilo linatoka jekundu, na udongo mtupu unatoka rangi nyingine kabisa. Kwa hivyo mwezi wa sita hapo palikuwa pamejaa majani mabichi.

Daftari, moyo wangu uliruka! Chombo cha watu wasionijua, huko juu kwenye baridi, kilikuwa kimeona wimbi wangu. Nilitaka kupiga kigelegele. Zile siku zote nilipalilia nimeinama, mtoto akilia pembeni, nikidhani hakuna anayeona.

Mzee hakutikisika. "Basi ni matete. Matete ya mto. Nayo si ni mabichi?"

Naye ndiye aliyenionyesha hilo shamba! Mwaka nilioolewa, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alipiga jembe la kwanza akamwambia mwanawe, hapa mke wako atalima. Nimekula hapo miaka saba. Mwaka ule kifua cha Kemunto kilipobana na alikataa kila chakula, uji wa wimbi wa hapo ndio ulimrudisha.

Bwana wa Nairobi akageuka akaniona. "Na wewe mama, unasemaje? Ni matete?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu.



Hicho kimya ndicho kinanichefua kuliko yote. Neno moja tu lilihitajika. Nilikuwa nalo mdomoni, zito kama jiwe, nikalimeza. Bwana akaandika kitu, Mfaransa na Mmarekani wakaanza kubishana kwa lugha yao, wakionyeshana karatasi zao mbili, kila mmoja na ya kwake. Nilielewa tu kwamba wanataka fomu zao zifanane. Shamba hawakulitazama tena.

Tukapanda kurudi. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza. Na hapo ndipo akili ikanijia, sijui kutoka wapi.

"Wageni," nikasema, "karibuni kwangu mnywe uji. Mvua hii itawalowesha."

Wakaingia. Na naibu akaingia, huyo huwa hapitwi na kikombe. Baba mkwe akafika mlangoni kwangu, akasimama. Hawezi. Miguu yake yenyewe ilikataa. Akabaki nje chini ya ukingo wa paa la nyasi, na mvua inaongezeka.

Ndani ya nyumba yangu, daftari, mimi naruhusiwa kuwa na mdomo.

Niliwamiminia uji. Halafu nikasimama katikati ya nyumba nikaonyesha juu ya moto, kwenye moshi, pale nilipofunga mashuke ya mbegu. "Huo ni wimbi," nikasema, na nilisema kwa sauti, ukuta wa udongo haufichi kitu. "Umetoka pale bondeni mlipokuwa. Ule mliouona mwekundu mwezi wa sita ni huu. Gunia ni lile. Na uji mnaokunywa ni huo huo."

Mzee alikohoa nje.

Niliendelea. Niliwaeleza nilipanda lini, nilipalilia mara ngapi, ndege walinisumbua vipi. Bwana wa Nairobi alikuwa akitafsiri haraka haraka. Mmarekani akaushika ule wimbi, akaunusa, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu. Mfaransa akapiga picha vibuyu vyangu. Nikasema moyoni, sasa, sasa wataandika.

Na hata hapo nilimhurumia mzee. Mvua ilikuwa inampiga mabegani. Nikamtuma Kemunto ampelekee kigoda na kikombe cha uji. Mimi ni mjinga, au ni mtu tu, sijui.

Bwana wa Nairobi akatoa fomu yake. Akaitazama, akamtazama Mfaransa, wakanong'onezana. Kisha akachukua penseli akachora mkato mkubwa juu ya kile kidoa chetu.

"Sasa umeandika nini?" nikauliza.

"Nimepafuta, mama. Mashahidi wawili, majibu mawili. Hizi nchi zimekubaliana kwamba penye ubishi tusipahesabu. Tukipahesabu, kazi ya wote inaharibika."

"Lakini picha yenu imesema ukweli."

"Picha ndiyo tunayoipima, mama. Haiwezi kujitolea ushahidi yenyewe."

"Na macho yako? Si umeona wimbi?"

Akatabasamu, tabasamu la kumtuliza mtoto. "Macho yangu hayana mahali kwenye fomu."

Nchi kubwa zimekaa, zimeelewana, zimerusha chuma mpaka kwa Mungu, zimevuka bahari, zimepanda milima yetu na Landrova, zimekunywa uji wangu, wakaambiwa ukweli mdomoni. Halafu wakachukua penseli ya senti tano wakaufuta, kwa sababu mwanamume mmoja amesema uongo na fomu haijui kutofautisha. Wameshirikiana vizuri sana. Wameshirikiana kunikosa.

Naibu wa chifu akafuta mdomo kwa mkono. "Kwa hivyo," akasema taratibu, "haijaandikwa kuwa ni shamba."

"Wala haijaandikwa kuwa si shamba," nikamjibu.

Akanitazama kama kikombe kimeongea.

Walipoondoka, mvua ilikuwa imepungua. Mzee alisimama kutoka kwenye kigoda, koti limelowa. Hakunitazama, na mimi sikumtazama. Alikuwa akiongea na ile nguzo ya ukingo wa nyumba, kama tunavyofanya tukiwa na neno lisilo na njia.

"Uji ulikuwa mzuri," akaiambia nguzo.

Akaweka kikombe chini. Nilipokiokota kilikuwa kitupu, hata mashapo ya chini hayakubaki. Amelikana shamba saa nane, na saa tisa amelinywa lote.

Hicho ndicho kikombe nilichoosha mara ya tatu, sasa hivi, nikiwa katikati ya kuandika.

Sijui nitamwambia nini Baba Kemunto akija mwisho wa mwezi. Atasema baba ni baba. Labda atanikasirikia kwa kusema kwa sauti. Labda Moraa ameshaeneza kwa kila nyumba kwamba nilimvua mzee nguo kupitia ukuta. Naogopa. Lakini nikijiuliza kama ningefanya tena, jibu linakuja haraka mno mpaka linanishtua mwenyewe.

Kuna jambo lingine linaloniuma, nalo ni hili. Mimi huliacha lile shamba lipumzike mpaka mwaka mpya. Mama yangu alinifundisha hivyo, ardhi nayo huchoka kama mwanamke. Lakini leo ilipopumzika, wameiita pori. Kwa hivyo haitapumzika tena. Moraa ana mashina ya viazi vitamu yanatambaa mpaka njiani. Nimemtuma Kemunto amwombe, naye amejibu nije na kapu kubwa, na kwamba yeye na jembe lake watakuwa bondeni kabla ya jua, hataki kusimuliwa. Viazi havikauki mwaka mzima. Vitafunika kila mahali, kijani, na huko juu vitatoka vyekundu kama moto.

Nisamehe, ardhi yangu. Nakuchosha ili uonekane.

Lakini si kwa ajili ya hicho chombo. Nimehesabu siku kumi na nane kwa vidole vya mikono na vya miguu, kisha nikaacha. Kikipita kikute wingu, kikute jua, shauri yake. Wanaopaswa kuona wanapita hapa chini kila siku kwa miguu, na miche iko nyuma ya nyumba, imefunikwa na majani ya ndizi.

Mvua imekatika. Nimelitoa jembe nimeliegemeza mlangoni, upande wa nje, pale aliposimama mzee. Akipita jioni hii atalikuta, ajue kesho alfajiri nalima.