Karatasi Nilizobandua Ukutani

Wanangu wawili, na baba yenu,

Chakula kiko kwenye friji, kipasheni moto. Maji yakikatika, washeni pampu.

Karatasi za maelekezo msizitafute. Nimezibandua zote, ya pampu, ya jiko, ya mashine ya kufulia, nazipeleka chuoni. Maombi yangu ya shahada ya uzamili ya mawasiliano ya kiufundi yanadai sampuli za kazi, na kazi zangu ndizo hizo. Ndiyo, shahada ileile mliyoicheka asubuhi. “Mama, kuandika ‘bonyeza hapa’ nako kunasomewa?” Baba yenu akacheka hadi chai ikampalia.

Haya, bonyezeni.

~~Mkikwama nipigieni.~~ Msinipigie, nazima simu mpaka jioni.

Karatasi ya vidonge vya Bibi nimeiacha ukutani. Yeye hakucheka.

Mama